Mali Yako Ikikamatwa na Polisi Uganda: Mwongozo Kamili wa Kuilinda na Kuirudisha

Nchini Uganda hakuna siku inayopita bila polisi kukamata mali ya mtu. Leo ni pikipiki ya bodaboda jijini Kampala, kesho ni simu ya mtu aliyeitwa kituoni kutoa maelezo, keshokutwa ni lori la mkaa kutoka kaskazini au fedha taslimu za mfanyabiashara anayevuka mpaka Busia. Mara nyingi ukamataji huo una msingi wa kisheria, na mali nyingine hurudi kwa wenyewe. Hata hivyo, iko mali isiyorudi ingawa hakuna mahakama iliyowahi kuamuru ichukuliwe. Inapotea kwa sababu mwenyewe hakudai karatasi siku ya kwanza, hakujua imeshikwa kwa sheria ipi, kisha akangoja kuitwa na mtu ambaye hakuwa na nia ya kumwita. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye mali asiye na wakili karibu, ili ajue la kufanya tangu dakika mali inapoondoka mikononi mwake.

Msingi wa haki yako

Ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, peke yake au pamoja na wengine. Inakataza pia mtu kunyang'anywa mali kwa lazima isipokuwa kwa sababu zilizotajwa humo, kama vile matumizi ya umma, usalama au afya ya umma, na kwa sheria inayotoa fidia ya haki na nafasi ya kwenda mahakamani. Ibara ya 27 inalinda nyumba na mali dhidi ya upekuzi usio halali. Ibara ya 28 inasema mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo au yeye mwenyewe akiri kosa, na Ibara ya 42 inamtaka kila afisa wa utawala anayeamua jambo linalokuhusu akutendee kwa haki. Ibara hizi nne ndizo utakazozitaja katika barua zako, basi zikariri.

Wasomaji wengi wamesikia habari za Marekani, ambako serikali inaweza kuishtaki mali yenyewe, iwe gari, nyumba au fedha, na kuitaifisha bila mwenyewe kupatikana na hatia yoyote. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 iliwaruhusu polisi wa majimbo kugawana mapato ya mali hiyo na serikali kuu, na lawama zikaongezeka tangu hapo. Jimbo la New Mexico lilifuta utaratibu huo mwaka 2015, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Timbs dhidi ya Indiana iliyohusu gari aina ya Land Rover, ilisema kwamba majimbo nayo yanafungwa na katazo la kikatiba dhidi ya faini zilizopita kiasi.

Uganda imejengwa kwa msingi tofauti. Kwa sehemu kubwa, mali hutaifishwa baada ya mtu kupatikana na hatia, kama inavyofanyika chini ya Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009, ambayo marekebisho yake ya mwaka 2015 yalikaza utaratibu wa kutwaa mali za waliohukumiwa. Kabla ya hukumu, polisi wanaishikilia tu mali kama kielelezo cha upelelezi, au mahakama inaweka zuio ili isiuzwe wala kuhamishwa. Katika hali hizo zote mbili mali bado ni yako. Afisa akikuambia kwamba pikipiki "sasa ni ya serikali" na hana amri ya mahakama, anasema jambo ambalo sheria haijamruhusu kulisema. Forodha ni suala jingine, na nitalieleza kwa urefu baadaye kwa sababu ndiko watu wa mipakani wanakoumia zaidi.

Hatua ya kwanza: pale pale mali inapochukuliwa

Usishindane kwa nguvu. Kumzuia polisi kazi yake ni kosa, na ukishakamatwa kwa kosa hilo, habari ya mali yako itasahaulika. Uliza kwa utulivu jina la afisa, cheo chake, kituo chake, na kosa linalopelelezwa. Ikiwa ni upekuzi wa nyumba au duka, omba kuona hati ya mahakama. Sheria ya Polisi inaruhusu upekuzi bila hati pale ambapo kuisubiri kungechelewesha upelelezi, lakini kwa masharti: afisa awe na cheo cha sajini au zaidi, na aandike kwanza sababu za kuamini kwamba kitu kile kiko mahali pale, pamoja na kukitaja kitu chenyewe kadiri inavyowezekana. Nakala ya maandishi hayo hupelekwa kwa hakimu, na mwenye nyumba anaweza kuiomba. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha.

Mwite mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ashuhudie. Saini yake kwenye cheti cha upekuzi, yaani karatasi inayoorodhesha vilivyochukuliwa, ina uzito mkubwa baadaye, kwa sababu ni kiongozi anayejulikana na si ndugu yako. Kabla cheti hakijatiwa saini, hakikisha kila kitu kimeandikwa kwa namna ya kukitofautisha na kingine cha aina yake. "Pikipiki moja nyekundu" haitoshi. Iandikwe namba ya usajili, ya fremu na ya injini. Kwa simu, bonyeza *#06# upate namba yake ya IMEI. Fedha zihesabiwe mbele yako na ziandikwe noti kwa noti: ngapi za elfu hamsini, ngapi za elfu ishirini, na jumla kwa tarakimu na kwa maneno. Kati ya mali zote, hakuna inayopungua njiani kama fedha taslimu ambazo hazikuhesabiwa mahali zilipochukuliwa.

Omba nakala. Ukinyimwa, omba ruhusa ya kupiga picha. Hilo nalo likishindikana, keti jioni hiyo hiyo na uandike maelezo yako: saa, mahali, vilivyochukuliwa, waliochukua na waliokuwepo, kisha mashahidi wawili au watatu watie saini na tarehe. Maandishi ya siku ile ile huaminika kuliko kumbukumbu ya miezi sita.

Jambo la lugha halipaswi kupuuzwa. Karatasi nyingi za polisi huandikwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tunatia saini tusichokielewa ili tuondoke haraka. Ibara ya 28 inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa lugha anayoielewa na kupewa mkalimani bila malipo. Iko pia sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, inayomtaka anayemwandikia mtu huyo hati amsomee na kumfafanulia, kisha aandike jina lake na anwani yake kama aliyeiandaa. Kwa hiyo sema waziwazi: "Ninaomba nisomewe kwa Kiswahili kabla ya kutia saini." Usitie saini kwenye karatasi yenye nafasi tupu, wala kwenye maelezo kwamba mali ni ya wizi au kwamba umeitoa kwa hiari, ikiwa sivyo ilivyokuwa.

Hatua ya pili: kituoni, siku hiyo au inayofuata

Nenda na mtu mwingine. Mnahitaji mambo matatu. La kwanza ni namba ya kumbukumbu: tukio lililoandikwa kwenye daftari la kituo lina namba ya SD, na kesi ya jinai iliyofunguliwa ina namba ya CRB. Bila mojawapo ya namba hizo, kila ofisi utakayoingia itakuuliza swali lile lile na kukurudisha ulikotoka. La pili ni uthibitisho kwamba mali imeingizwa kwenye rejista ya vielelezo, maana kitu kilichoachwa uani bila kuandikwa hakina anayekiwajibikia. La tatu ni jina na simu ya mpelelezi aliyekabidhiwa faili.

Uliza pia swali ambalo watu wengi hawaulizi: mali hii imeshikwa kwa sheria ipi, na ninyi mnanihesabu kama mtuhumiwa, shahidi, au mwenye mali tu? Majibu ni tofauti sana. Mwenye bodaboda aliyemkodishia kijana pikipiki hana kosa kwa sababu tu kijana alibebea humo mzigo wa wizi. Pikipiki inaweza kuhitajika kama ushahidi, lakini mwenyewe ana haki ya kujitokeza mapema na kuandikisha maelezo kwamba hakujua wala hakushiriki. Akikaa mbali kwa hofu, faili litaandikwa kana kwamba mali haina mwenyewe.

Ukiombwa pesa "ya kutoa mali", jua kwamba malipo halali ya serikali hulipwa benki au kwa simu kwa namba ya malipo inayoitwa PRN, na risiti hutolewa. Fedha inayopokelewa mkononi haina risiti, na anayeipokea leo hazuiwi na chochote kuidai tena wiki ijayo.

Hatua ya tatu: jua muda wako unahesabiwa vipi

Hapa ndipo mali nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mali iliyoshikwa na polisi kama kielelezo haina tarehe moja ya kurudishwa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inaruhusu kitu kilicholetwa mahakamani kishikiliwe mpaka kesi au upelelezi uishe, kikitunzwa ipasavyo, na baada ya hapo kirudishwe kwa aliyechukuliwa isipokuwa mahakama iamue vinginevyo kwa mujibu wa sheria. Ukimya katika hali hii hautaifishi mali moja kwa moja, lakini unaisogeza kwenye kundi la mali zisizo na wenyewe. Pikipiki na magari ya kundi hilo hutangazwa magazetini kabla ya mnada. Ikiwa chombo chako kimelala kituoni muda mrefu, fuatilia matangazo hayo na ubao wa kituo.

Mali iliyokamatwa kwa ajili ya forodha ina hatari kubwa zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatumika Uganda, Kenya, Tanzania na nchi nyingine wanachama, na chini yake bidhaa za magendo pamoja na chombo kilichozibeba vinaweza kutaifishwa. Afisa anatakiwa kumpa mwenyewe taarifa ya maandishi ndani ya mwezi mmoja, isipokuwa mali ikiwa ilikamatwa mbele ya mwenyewe au wakala wake, kwani hapo anahesabiwa kuwa anajua. Baada ya hapo mwenye mali ana mwezi mmoja wa kuwasilisha dai la maandishi kwa Kamishna wa forodha. Usipoandika, sheria inaihesabu mali kuwa imeshataifishwa. Hakuna kesi, hakuna hakimu, na hakuna atakayekuuliza kama ulikuwa mgonjwa au safarini. Ukiandika kwa wakati, Kamishna ana miezi miwili ya kukutaka ufungue kesi, au kuifungua yeye mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa Malaba, Mutukula, Elegu au Mpondwe ambaye gari lake limekamatwa na polisi kisha likakabidhiwa Mamlaka ya Mapato asijiaminishe kwamba bado liko polisi. Aulize siku hiyo hiyo nani analishikilia, na apeleke dai lake lipigwe muhuri wa kupokelewa.

Kwa anayebeba fedha taslimu kuvuka mpaka, Sheria ya Kuzuia Utakatishaji Fedha ya mwaka 2013 inamtaka atoe tamko anapobeba zaidi ya pointi 1,500 za fedha. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo kiwango hicho ni shilingi milioni 30 au thamani yake kwa fedha za kigeni. Kubeba si kosa. Kosa ni kutokutamka. Tamka, ubaki na nakala, na uwe na karatasi zinazoonyesha fedha ilikotoka.

Iko mida miwili mingine ya kukumbuka. Ombi kwa Mahakama Kuu la kupitia uamuzi wa afisa wa umma hupelekwa ndani ya miezi mitatu tangu sababu ya ombi ilipotokea. Na madai ya fidia dhidi ya Serikali kwa madhara iliyokufanyia, kwa mfano mali iliyoharibiwa au kupotea mikononi mwa polisi, hufunguliwa ndani ya miaka miwili.

Hatua ya nne: ushahidi wa umiliki

Kwa ardhi na nyumba, hati na mikataba ya mauziano iliyoshuhudiwa na LC inajulikana vyema. Tatizo kubwa liko kwenye pikipiki na magari. Mtu hununua pikipiki ya mkono wa pili, analipa, anapewa kitabu cha usajili chenye jina la mwenye wa kwanza au wa tatu nyuma yake, na hahamishi usajili kwa sababu ya gharama. Siku ikikamatwa, anayeonekana kuwa mwenyewe kisheria ni mtu asiyejulikana aliko. Ukiwa katika hali hiyo, kusanya mkataba wa mauziano, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, ujumbe wa malipo ya simu, barua ya mwenyekiti wa LC1, na kiapo cha maandishi kilichoapwa mbele ya kamishna wa viapo kinachoeleza mnyororo wote wa mauzo. Ukiweza kumpata muuzaji wa mwisho, mchukue akaandikishe maelezo. Na ikiwa pikipiki ni ya mkopo na kampuni ndiyo inayoshikilia kitabu, ijulishe kwa maandishi mara moja. Nayo ina maslahi ya kuidai, na barua yake husikilizwa.

Hatua ya tano: barua

Kila ombi liwe kwa maandishi, na kila barua iwe na nakala yako iliyopigwa muhuri na kuandikwa tarehe. Mpelekee mkuu wa upelelezi wa kituo, na nakala kwa kamanda wa polisi wa wilaya. Kwa kuwa ofisi hizo hufanya kazi kwa Kiingereza, mwombe anayekuandikia aiweke kwa lugha hiyo, lakini yaliyomo yawe haya:

"Mimi ni mwenye pikipiki yenye namba ya usajili ..., fremu ..., injini ..., iliyochukuliwa na maafisa wa kituo chako tarehe ... katika kijiji cha ..., kumbukumbu namba SD/CRB .... Nimeambatanisha uthibitisho wa umiliki wangu. Sijashtakiwa kwa kosa lolote kuhusiana nayo. Kwa kuzingatia Ibara za 26 na 42 za Katiba, ninaomba irudishwe. Au, ikiwa bado inahitajika kama kielelezo, nielezwe kwa maandishi sheria na sababu ya kuendelea kuishikilia, na ipigwe picha kisha nikabidhiwe kwa ahadi ya maandishi ya kuileta itakapohitajika. Naomba nijibiwe ndani ya siku kumi na nne."

Siku hizo kumi na nne zimewekwa na wewe, si na sheria. Kazi yake ni kuonyesha baadaye kwamba uliwapa nafasi. Ombi la picha na ahadi lina nguvu zaidi kwa vitu vinavyoharibika au vinavyolisha familia: samaki, mahindi, mifugo, chombo cha kazi. Kwa nyaraka unazonyimwa, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako ndani ya siku 21, ingawa habari za upelelezi unaoendelea zinaweza kuzuiwa.

Ukitaja vifungu vya sheria, tumia toleo jipya. Sheria za Uganda zilipangwa upya katika toleo la mwaka 2023 lililoanza kutumika Julai 2024, na namba nyingi za sura na vifungu zimebadilika. Namba za ibara za Katiba ulizozisoma hapo juu ni zile zile.

Hatua ya sita: kupanda ngazi

Usipojibiwa, mwandikie kamanda wa mkoa, na pia kitengo cha polisi kinachosimamia nidhamu ya maafisa wake. Ikiwa faili limekwenda kwa mwanasheria wa serikali, mwandikie yeye, kwa kuwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ndiyo inayoamua kama kuna kesi. Afisa akidai hongo, mahali pake ni ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali (IGG). Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda hupokea malalamiko bila malipo na ina ofisi mikoani, zikiwemo Gulu, Arua, Jinja, Masaka, Mbarara, Fort Portal, Soroti na Moroto. Inaweza kuamuru fidia, lakini haiingilii jambo ambalo tayari liko mahakamani. Kwa msaada wa wakili kwa asiye na uwezo, waulizie Chama cha Mawakili cha Uganda, FIDA Uganda au Justice Centres Uganda.

Hatua ya saba: mahakamani

Kama kesi ya jinai inaendelea, njia fupi ni kumwomba hakimu anayeisikiliza aamuru mali irudishwe au itunzwe vizuri. Si lazima uwe mshtakiwa. Mwenye mali aliye nje ya kesi naye anaweza kusikilizwa. Kesi ikiisha, usiondoke kabla ya kusikia hakimu amesema nini kuhusu vielelezo. Mawakili husahau kuomba, hukumu inanyamaza, na polisi wanasema hawana amri.

Kama hakuna kesi na polisi hawajibu, Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 inakuruhusu kuomba mahakama itamke kwamba haki yako ya mali imevunjwa. Sheria hiyo inamfanya afisa aliyevunja haki awajibike yeye binafsi, na kuitaja tu katika barua ya mwisho ya wakili kumewahi kufungua milango iliyokuwa imefungwa. Mapitio ya Mahakama Kuu niliyoyataja yanahitaji uonyeshe kwamba umemaliza njia nyingine zilizokuwepo, na hapo ndipo barua zako zenye mihuri zinapolipa. Madai ya fidia dhidi ya Serikali hufunguliwa kwa kumshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Hatua ya nane: siku ya kukabidhiwa

Nenda na fundi au shahidi, pamoja na cheti cha upekuzi cha siku ya kwanza. Linganisha namba za fremu na injini kabla ya kugusa kalamu, washa chombo, hesabu fedha, fungua simu. Kila kilichopungua au kuharibika kiandikwe kwenye rejista ya vielelezo kabla ya saini yako, kwa maneno kama "nimepokea bila betri, na tairi la nyuma limebadilishwa." Afisa akikataa kuyaandika, usitie saini ya kupokea mali kamili, rudi kwa kamanda wa wilaya na barua siku hiyo hiyo, na uanze kuhesabu ile miaka miwili ya madai tangu siku uliyogundua hasara, au mapema zaidi ikiwa unajua ilitokea lini.